Elimu ya Waganga Hupimwa Wapi?



Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu nilipokuwa mtoto. Tulikaa Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma, vyumba sita, na kila chumba kabila lake. Mtu aliposhikwa na homa alikwenda zahanati. Huko alichomwa kidole, tone la damu likapakwa juu ya kioo, akangoja barazani. Aliporudi tulimwuliza, "Wamekukuta na wangapi?" Naye hujibu, "Watatu," au, "Watano," kama mvuvi ahesabuye changu. Maana yake ni wadudu wa malaria walioonekana katika damu yake. Sikumbuki hata siku moja mtu wa nyumba ile kurudi akisema kwamba hakukutwa na hata mmoja.

Katika chumba cha mwisho alikaa mama mmoja na binti yake wa miaka minne. Mwaka mmoja wa mvua nyingi mtoto yule alikutwa na wadudu mara tatu katika muda wa mwezi. Mara tatu alinyweshwa klorokwini, ambayo watu wa umri wangu wanaukumbuka uchungu wake, na jinsi ilivyowasha mwili hata mtu akajikuna kwa gunzi la hindi. Homa ikashuka, ikapanda tena, na usiku tukamsikia mtoto akikoroma kifuani kupitia ukutani. Safari ya nne mama alimpeleka mahali pengine. Mganga wa huko alimvua nguo, akatazama jinsi mbavu zilivyoingia ndani kila alipovuta pumzi, akasema ni kichomi, tena kimekwisha kuwa kikubwa. Mtoto hakufika asubuhi ya pili. Matanga yalikaliwa uani kwetu, na watu waliokuja kuhani wakasema, "Malaria haina huruma."

Zahanati ile siitaji, wala simlaumu mtu. Aliyetazama kioo alikuwa amesoma, na cheti chake kilitundikwa ukutani ndani ya fremu. Swali langu jioni hii ni hili: elimu yake tuipime wapi? Katika cheti kile, au katika kifua cha mtoto? Nami nasema "mganga" kwa maana waliyoitumia wazee wetu walipoandika magazetini, yaani kila aliyefundishwa kutibu hospitalini, awe daktari, tabibu, dresa au mtazamaji wa damu. Swali hili ni la zamani katika mji wa Dar es Salaam kuliko nyumba yetu ya Kariakoo, basi sharti turudi nyuma.

Zamani za Wajerumani mji ulikuwa na hospitali mbili zilizojulikana. Moja ilikuwa ufukoni, ile ya Ocean Road, iliyojengwa kwa ajili ya Wazungu na kumalizika mwaka wa 1897. Ya pili ilijengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri Mhindi wa Bagamoyo aliyefanya biashara ya kuzitayarishia misafara ya bara bidhaa na wapagazi, naye alifariki mwaka huo huo wa 1897. Hospitali yake ilitibu Waafrika na Wahindi. Hata watoto wa leo wanaolazwa Muhimbili hulisikia jina la Sewa Haji, kwa maana jengo moja la wodi limeitwa hivyo, ingawa hospitali yenyewe ilibomolewa mwaka wa 1959.

Katika miaka hiyo alifika mjini Robert Koch, yule mtaalamu Mjerumani aliyekuwa amegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka wa 1882. Fundisho lake juu ya malaria lilikuwa kwamba yaweza kufukuzwa mahali kwa kuwatafuta watu wenye vijidudu katika damu, hata wasiojiona wagonjwa, na kuwapa kwinini mpaka damu yao isafike. Mwaka wa 1901 mganga aitwaye Ollwig alianza kulifanya jambo hilo Dar es Salaam. Watu wa mji walitolewa damu, damu ikatazamwa kwa hadubini, na waliokutwa na vijidudu wakapewa kwinini. Ilikuwa kazi kubwa, na waliofanya kazi hiyo hawakuwa wavivu. Walakini malaria haikuondoka. Mji wa bandari hauna mlango wa kufunga. Watu waliingia kila siku kwa majahazi na kwa miguu, na mbu nao hawakusoma amri.

Lakini desturi moja ilikaa. Tangu hapo ilijulikana kwamba jibu la homa limo juu ya kioo, na kwamba mwenye kulisoma ni mtu mmoja aliyefundishwa, ameinama juu ya hadubini. Uzito wote wa neno "unayo" au "huna" uliwekwa juu ya macho yake. Mlishike jambo hili, maana tutalirudia.

Vita vya kwanza vikaja. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba mwaka wa 1916, wakalikuta jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga bila kulitumia. Wakaweka hapo wapagazi wa vita, kikosi cha Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wengi sana katika wapagazi wale walikufa, tena zaidi kwa kuhara, malaria na kichomi kuliko kwa risasi. Kila niendapo sokoni huwakumbuka, maana ni ajabu kwamba mtaa wenye biashara nyingi kuliko yote katika nchi umepewa jina na watu waliobeba mizigo na kufa kwa kukosa waganga.

Na waganga wenye shahada walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kama hii. Kwa hiyo Dkt. John Owen Shircore, aliyekuwa mkuu wa kazi za uganga Tanganyika, alianzisha mwaka wa 1926 mpango wa madresa wa serikali za wenyeji. Vijana wajuao kusoma na kuandika walichaguliwa kwao, wakafundishwa muda wa miezi katika hospitali ya wilaya, kisha wakarudishwa vijijini na sanduku la dawa chache. Zahanati zao zikaongezeka upesi.

Je, mafunzo yale yalifaa kitu? Ripoti za miaka ile hujibu kwa hesabu ya watu waliohudhuria: mwaka huu wamekuja wengi kuliko mwaka jana, basi kazi inaendelea vizuri. Mimi ni mwalimu, tena mwalimu wa walimu, na daftari la mahudhurio nalijua sana. Husema nani alikuwapo. Halisemi nani alielewa. Mtoto aweza kuandikwa "yupo" siku mia mbili akatoka darasani hajui kugawanya. Kadhalika mgonjwa aweza kuandikwa mara tatu katika daftari la zahanati, kama alivyoandikwa yule binti wa uani kwetu, na kila kuandikwa kwake kukahesabiwa kuwa faida ya kazi.

Lakini nisiwaonee madresa wa kale. Kwa maradhi ya buba hesabu ile haikuwa uongo. Buba hutoka juu ya ngozi. Mtu akipigwa sindano ifaayo, vidonda hukauka mbele ya macho ya kijiji kizima. Hapo mwanakijiji mwenyewe alikuwa mkaguzi, tena mkaguzi mkali, na watu walipokwenda kwa wingi kutafuta sindano walikuwa wamepima kwanza. Walakini sindano ya buba ilifundisha pia somo lisiloandikwa katika kitabu chochote: kwamba mganga ajuaye kazi ni yule atoaye kitu, na asiyetoa kitu hajui. Somo hilo lingali likifundishwa hata leo katika maduka ya dawa ya Kariakoo, na walimu wake ni sisi wanunuzi.

Kwa aliyetaka kupanda juu zaidi ya udresa, njia ilipita Uganda, kwa maana mafunzo ya udaktari yalianza Makerere pamoja na hospitali ya Mulago katika miaka ya 1920. Huko walisoma waganga wa kwanza wa Tanganyika: Joseph Mutahangarwa, Vedasto Kyaruzi, Wilbard Mwanjisi, Luciano Tsere na Michael Lugazia. Walikaa miaka mingi kitabuni na wodini, wakafaulu. Waliporudi walipewa cheo na mshahara chini ya mganga wa Kizungu, hata pale walipofanya kazi ile ile katika chumba kile kile. Hapa elimu haikupimwa kwa mtihani, wala haikupimwa kwa mgonjwa. Ilipimwa kwa rangi.

Haishangazi basi kwamba waganga hao walionekana katika ofisi ya chama cha TAA pale New Street, Kariakoo, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Mwaka wa 1950 Dkt. Kyaruzi alikuwa rais wa chama, na Abdulwahid Sykes katibu wake. Haikupita muda mrefu mganga huyo akahamishwa, akapelekwa hospitali ya gereza la Kingolwira karibu na Morogoro, na baadaye Nzega. Wafungwa wa Kingolwira walipata mganga hodari, nalo hilo ni la heri. Lakini mtu hawezi kusema kwamba alihamishwa kwa kuwa daftari lake la wagonjwa lilikuwa na kasoro.

Nchi ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, waganga wenyeji wenye shahada walikuwa 12 tu. Hesabu hiyo imetajwa mara nyingi, nami naitaja kwa sababu iliamua mambo mengi yaliyofuata. Mwenye njaa hahoji ladha. Mwaka wa 1963 shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam, penye hospitali iliyokuwa imefunguliwa mwaka wa 1956 kwa jina la Princess Margaret, nayo ndiyo Muhimbili ya sasa. Mwaka wa 1968 shule hiyo ikawa kitivo cha chuo kikuu, na mwaka wa 2007 ikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea. Katikati ya hayo, mwaka wa 1964, ilitoka ripoti ya tume ya Profesa Richard Titmuss wa London, iliyoshauri kwamba nchi maskini isingoje madaktari peke yao, bali iwafundishe wasaidizi wengi na kutia nguvu katika kuzuia maradhi. Vyuo vikaongezeka, na hesabu iliyotazamwa ilikuwa ya wahitimu: mwaka huu wangapi, mwaka ujao wangapi. Siwezi kuwalaumu waliohesabu hivyo. Nchi yenye waganga 12 haina nafasi ya kuuliza sana mganga wa 13 amejua nini.

Hapa nitatoka njiani kidogo, kwa kuwa tupo redioni. Mwaka wa 1973 redio ya nchi hii ilifanya darasa kubwa lililoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima kama milioni 2 walikaa katika vikundi, chini ya miembe na katika madarasa, wakasikiliza masomo juu ya malaria, kuhara, kichocho na maradhi mengine, kisha wakaafikiana nini la kufanya kijijini. Nao waliotaka kujua kama somo limeingia hawakutosheka na kuuliza maswali. Walikwenda vijijini kutazama, na moja ya mambo waliyotazama ni vyoo vilivyochimbwa. Shimo la choo halina maneno ya kujitetea. Lipo au halipo. Nimewahi kujiuliza kwa nini mwanakijiji alikaguliwa kwa shimo lake, na mganga akakaguliwa kwa karatasi yake.

Sasa turudi mjini, kwa mtu aliyeinama juu ya hadubini.

Katika miaka ya 2007 na 2008 wataalamu wa Kitanzania pamoja na wenzao wa Uswisi walifanya Dar es Salaam jambo ambalo naona lingalifanywa miaka hamsini kabla. Walikwenda mahali 12 pa serikali, yaani hospitali 3, vituo vya afya 3 na zahanati 6, wakachukua vioo vilivyokwisha kusomwa katika kazi ya kila siku, wakavisomesha tena kwa wasomaji mabingwa. Katika kila wagonjwa 100, wasomaji wa kila siku waliwakuta 53 na malaria. Mabingwa, kwa watu hao hao, walikuta 2.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, nisije nikawapotosha. Sisemi kwamba malaria haikuwapo Tanzania. Vijijini ilikuwapo, ipo, na huua. Lakini ndani ya Dar es Salaam ilikuwa imepungua sana, kwa kuwa mji ulijengeka, mashimo na mabwawa mengi yakapigwa vita, na vyandarua vikaenea. Maradhi yalikuwa yamehama, lakini somo lilibaki. Mganga alikuwa amefundishwa chuoni kwamba homa ni malaria mpaka ionekane vinginevyo, na fundisho hilo lilikuwa la busara pale lilipotungwa. Basi mtazamaji wa damu aliyeletewa vioo vingi kwa siku moja, rangi ya kupakia imechakaa, lenzi ya hadubini ina ukungu, na mganga chumba cha pili anangoja jibu analolitarajia, aliona vitone vyeusi juu ya kioo akavihesabu. Wengine pengine walikwisha kujua kwamba hata wakiandika "hakuna", dawa itatolewa vile vile. Ukimfanyia mtu hivyo miaka kumi, macho yake huacha kutazama.

Nani basi alikuwa hakufundishwa? Wote walikuwa na vyeti, na mitihani yao yote walikuwa wamefaulu. Ndipo nilipokumbuka nyumba yetu na lile swali letu, "Wamekukuta na wangapi?"

Na mtu asiseme kwamba kosa hili ni la kupoteza vidonge tu. Mwaka wa 2004 ilitangazwa habari ya hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania, ambako walifuatwa wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali. Vioo vyao viliposomwa tena kwa uangalifu, waliokuwa na vijidudu walikuwa 46 tu katika kila 100. Wenye malaria ya kweli walikufa 7 katika kila 100. Wale wasio na malaria, waliotibiwa malaria, walikufa 12. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wale walikuwa na kitu kingine, na wengi wao hicho kitu kingine hakikutibiwa. Niliposoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilikifunga kitabu, nikatoka nje kidogo.

Dawa nazo zilikuwa zimebadilika. Klorokwini iliachwa mwaka wa 2001 kwa kuwa vijidudu viliizoea, na miaka michache baadaye ikaja dawa ya mseto, iliyo ghali kuliko zile za kwanza. Kuitoa ovyo kukawa hasara ambayo hata mhasibu aliiona. Ndipo katika Dar es Salaam wakajaribu kipimo cha haraka, kile kikadi kidogo cha plastiki kidondoshewacho tone la damu, nacho hutoa mistari baada ya robo saa bila hadubini. Hawakukileta kikadi peke yake. Waganga walifundishwa upya jinsi ya kukitumia, na zaidi ya hayo jinsi ya kumwamini mgonjwa asiye na malaria kwamba hana malaria. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa 100 wenye homa, 75 walikuwa wakiandikiwa dawa ya malaria. Baadaye waliandikiwa 20.

Mwalimu yeyote angefurahi kwa matokeo hayo, nami nilifurahi. Lakini wale wataalamu walihesabu pia kitu cha pili, na kwa hilo nawasifu kuliko kwa lile la kwanza. Walihesabu vidonge vya kuua bakteria, vile ambavyo mitaani huitwa vya rangi mbili. Kabla ya kipimo waliopewa walikuwa 49 katika kila 100. Baada ya kipimo, 72. Mganga alikuwa ameacha kutoa dawa moja kwa mazoea, akashika nyingine kwa mazoea yale yale. Ile sindano ya buba ya miaka ya 1920 ilikuwa ingali inasema naye sikioni: usimwache mtu aondoke mikono mitupu.

Na je, homa zile zilikuwa za nini hasa? Jambo hilo nalo lilichunguzwa, mwaka wa 2008, kwa watoto 1,005 wenye homa, wengine wa Dar es Salaam na wengine wa Ifakara. Malaria ilikuwa kwa mtoto 1 katika 10 hivi. Maradhi ya njia ya pumzi yalikuwa kwa zaidi ya 6 katika kila 10, na sehemu kubwa yaliletwa na virusi, ambavyo vidonge vya rangi mbili havivigusi. Maana yake, mtoto mwenye homa, mara nyingi, alihitaji mtu wa kumvua shati, kutazama mbavu zake, kuhesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi, na kumwambia mama ukweli: huyu atapona kwa maji na kungoja, au, huyu ni kichomi, asichelewe hata saa moja. Somo la kuhesabu pumzi lilikuwamo katika vitabu vya waganga. Lakini halina kioo, halina sindano, wala mama halipi fedha kwa ajili ya kuhesabiwa pumzi.

Muhimbili wenyewe hawakukaa kimya. Kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwauliza wahitimu wao jinsi mafunzo yalivyowafaa kazini, wakaitunga upya mitaala yao, na mwaka wa 2011 wakaanza kufundisha kwa kufuata mambo ambayo mganga sharti aweze kuyatenda, si yale tu ambayo sharti ayajue. Naliona hilo ni jambo jema. Lakini nina shaka yangu ya kimwalimu. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikiwakagua vijana wanaojifunza ualimu. Siku ya mkaguzi kila mmoja huja na chaki za rangi, na picha zimebandikwa ukutani. Yule ambaye ningependa kumwona ni mwalimu wa siku ya Jumatano ya mvua, watoto sitini na watano, mkaguzi hayupo. Vivyo hivyo, mganga aulizwapo kama anaweza hujibu kwa uaminifu kwamba anaweza, naye husema kweli; lakini saa nne ya asubuhi, foleni ikiwa imefika barazani, hilo ni jambo jingine.

Kwa hiyo nitawaelezeni mwisho juu ya jaribio moja lililofanywa katika Dar es Salaam kati ya Desemba 2014 na Februari 2016. Watoto zaidi ya 3,000 wa chini ya miaka 5, wote wenye homa, waliletwa katika zahanati na hospitali 9 za mji. Mganga alishika mkononi kibao chenye kioo kama cha simu, kikimwongoza hatua kwa hatua: hesabu pumzi, pima hewa iliyomo katika damu kwa kibanio cha kidoleni, pima tone la damu kama lina dalili ya bakteria, kisha amua. Kundi moja la watoto walitibiwa kwa mwongozo huu mpya, na jingine kwa mwongozo uliotungwa kabla yake, ambao nao ulikuwa mzuri. Katika kundi la mwongozo mpya waliopewa dawa za kuua bakteria walikuwa kama 12 katika kila 100, na katika lile jingine kama 30.

Watu wengi wangekomea hapo, wakaandika ripoti kwamba dawa zimepungua. Hawa hawakukoma. Siku ya saba walimfuata kila mtoto, kujua amepona au hakupona. Katika kundi la mwongozo wa kwanza, ambao hawakupona walikuwa 41 katika kila 1,000. Katika kundi lililopewa dawa kidogo zaidi, walikuwa 23.

Sijui kama kibao kile kitadumu, maana vyombo huharibika na fedha za majaribio huisha. Nimeipenda ile siku ya saba. Katika nyumba yetu ya Kariakoo walikuja watu wengi mwaka ule: mwenye nyumba, mtoza kodi, wauza maji, na mwishowe waliokuja kuhani. Lakini hakuja mtu hata mmoja kuuliza, siku saba baada ya kioo cha kwanza, mtoto wa chumba cha mwisho anaendeleaje.